Jino la Ng'ombe na Vijidudu vya Tumbo

Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, huko Marekani, walibandika kitambuzi juu ya jino la ng'ombe. Kilikuwa utando wa grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja tu, ipitishayo umeme vizuri mno.

Lakini grafini peke yake haipambanui kijidudu hiki na kile. Basi waliivika peptidi, ambayo ni mnyororo mfupi wa asidi-amino, yenye ncha mbili: moja ya kushika grafini, nyingine ya kukamata bakteria. Nayo hii ya pili, tusishangae, asili yake ni ngozi ya chura!

Kwa nini hawakuifunga kwa kifungo kigumu cha kikemia? Kwa sababu kifungo hicho huvuruga mpangilio wa atomu, umeme ukapita kwa shida. Peptidi hulala tu juu ya utando, pete zake zikilaliana na pete za grafini kama sahani kabatini. Kila mguso ni dhaifu, ila migusano ni mingi.

Bakteria Helicobacter pylori, aletaye vidonda vya tumbo, akinaswa katika mate, umeme hubadilika, na habari husomwa kwa mbali, bila waya wala betri katika jino.