Usaili wa uhudumu wa ndege si mashindano ya urembo

Wiki chache zilizopita binti wa jirani yangu hapa Small Heath, Birmingham, alibisha hodi akiwa na simu mkononi na furaha usoni. "Shikamoo mjomba," akasema, "nimeitwa kwenye usaili wa uhudumu wa ndege." Nikaitikia marahaba na kumpongeza. Swali lake la kwanza likawa: nivae rangi gani? La pili: nywele nizibane au nizisuke? La tatu lilihusu rangi ya mdomo. Swali la nne halikuwapo.

Simlaumu. Ndivyo tulivyoizoea kazi hii tangu enzi za East African Airways, shirika lililovunjika mwaka 1977: msichana mrefu, tabasamu, sare iliyonyooshwa pasi na chai ya moto angani. Lakini nathubutu kusema kwamba fikra hiyo ndiyo inayowaangusha vijana wetu.

Tujiulize kwanza: mhudumu huyu anawekwa ndani ya ndege kwa ajili ya nini? Kanuni za usafiri wa anga za Uingereza zinataka awepo angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50 vya abiria. Kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu chai. Ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, tena nusu ya milango ikiwa haitumiki. Anayewatoa ni huyo huyo tunayemwita kwa kubonyeza kengele. Hata kipimo cha Emirates cha kufikisha mkono sentimita 212 ukisimama kwa ncha za vidole si cha uzuri. Ni cha kufikia vifaa vya dharura vilivyowekwa juu.

Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda mjini Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani na kuwaka moto. Watano kati ya sita waliokuwa katika ile ndege ndogo walikufa. Lakini katika ndege ya abiria, iliyokuwa na watu 379, wote walitoka hai. Mawasiliano ya ndani yalikuwa yamekatika, na wahudumu waliwaongoza abiria kwa sauti zao wenyewe na kwa vipaza sauti vya mkononi. Hapa Uingereza, tarehe 8 Aprili 1968, mhudumu Jane Harrison, mwenye umri wa miaka 22, alibaki ndani ya ndege iliyokuwa ikiungua Heathrow akiwasaidia abiria kutoka, na akafia humo. Alitunukiwa nishani ya George Cross baada ya kufa kwake.

Na kwetu? Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia. Tangu siku ile hakuna haja ya kumweleza Mtanzania kwa nini mhudumu wa ndege anatakiwa ajue kuogelea.

Basi tuanzie hapo. Mashirika mengi ya hapa yanataka mwombaji aweze kuogelea mita 25 bila kushikwa. Nilipomuuliza binti yule, alicheka. Hajui. Bwawa la kuogelea la Sparkhill liko Stratford Road, njia anayopita kila siku. Aulize siku za wanawake peke yao, ajifunze. Pesa ya kucha ingetosha kuanza.

La pili ni karatasi. Ili kupata kitambulisho cha kuingia maeneo ya ndani ya uwanja wa ndege wa Uingereza, historia yako ya miaka mitano hukaguliwa: kazi, masomo, na kila pengo linalozidi siku 28 lielezwe na lithibitishwe. Hapa ndipo watu wetu tunapokwama. Tunakwenda nyumbani kuuguza mzazi tukakaa nusu mwaka. Tunafanya vibarua vya kulipwa mkononi. Kisha tunaandika tarehe za kuunganisha-unganisha ili pengo lisionekane. Pengo halimfukuzishi mtu. Uongo humfukuzisha.

La tatu ni malezi yetu, na hili ni gumu zaidi. Katika usaili huu waombaji hukalishwa kwa makundi, wakapewa mkasa waujadili, huku wasaili wakitazama nani anasikiliza na nani anampa nafasi aliyenyamaza. Kijana aliyefundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa huonekana anaficha jambo. Mwingine, kwa kuogopa hilo, huwakatiza wenzake mpaka mwisho. Adabu tusiiache, ila tuifasiri kwa lugha ya hapa: mtazame mtu usoni, msubiri amalize, kisha sema lako.

Kwa wale wanaoogopa kwamba ushungi umewafungia mlango, wasikate tamaa kabla ya kuuliza. British Airways ilipotoa sare zake mpya mwaka 2023 iliweka na vazi la hijabu. Kiswahili nacho msikifiche. Nimeona wasifu wa kazi wa vijana wetu wenye Kifaransa cha shuleni kisichofika popote, na Kiswahili hakimo. Emirates, inayoruka kutoka Birmingham hadi Dubai tangu mwaka 2000, hutoka Dubai kwenda Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe. Ndani ya ndege hizo kuna bibi anayesafiri peke yake na haelewi anachoambiwa.

Na kwenu mlioko nyumbani: anayekudai pesa kwenye simu ili "akuingize" kwenye usaili wa shirika la Ghuba ni tapeli. Usaili haununuliwi.

Juzi binti yule alirudi. Safari hii swali lilikuwa moja tu. "Mjomba, ile miezi saba niliyokaa Tanga nikimuuguza bibi, niandikeje? Nilikuwa nimeificha."

Nikamwambia aiandike kama ilivyokuwa, na amwombe daktari au jirani wa kule aithibitishe. Wasaili wakimuuliza ni lini alimhudumia mtu mwenye maumivu, mkali, asiyelala usiku, wala asimtukane, atakuwa na jibu ambalo wengi kwenye kundi lake hawatakuwa nalo. Waswahili husema mficha uchi hazai. Yeye alikuwa anaficha sifa yake kubwa kuliko zote, huku akihangaika na rangi ya mdomo.