Sariputra hakuwa mjinga

Aliyeandika kwamba Sariputra, mwanafunzi wa Buddha, katika Sutra ya Moyo ni mjinga tu wa kufunzwa utupu na bodhisattva Avalokiteshvara amesoma ukurasa mmoja akafunga kitabu. Afungue Majjhima Nikaya, mkusanyo wa mafundisho ya Buddha, sutra ya 151. Jioni, huko Rajagaha, Sariputra anatoka faraghani. Buddha anauona uso wake umetakata, anamuuliza anadumu katika hali gani siku hizi. Anajibu: katika utupu. Ndipo Buddha anaeleza namna ya kuufikia, na ni jambo la kila siku kabisa: mtawa ajiulize kama njiani, akienda kijijini kuomba chakula, moyo wake uliingiwa na tamaa au chuki. Sariputra ndiye ambaye Buddha alimtaja kuwa wa kwanza kwa hekima. Basi kuelekezewa somo la utupu katika Sutra ya Moyo ni heshima kwake. Walimu wa dini hapa Migori, wasomeeni vijana sutra zote mbili.