Bingwa wa Uchumi Akikosea, Nani Hulipa?



Katika mikutano ya matawi huulizwa swali hili: Je, bingwa wa uchumi akionyeshwa kwamba amekosea, hukubali? Jibu langu ni kwamba wako wanaokubali, lakini wengi hukawia. Na wanaolipa gharama ya kukawia huko si wao.

Tazameni habari ya malipo ya hospitali. Mwaka wa 1987 Benki ya Dunia ilizishauri nchi maskini ziwatoze wagonjwa katika hospitali za serikali. Walisema fedha hizo zitaleta huduma bora, na kwamba matibabu ya bure hutumiwa ovyo. Kenya ilianza kutoza mwezi wa Desemba 1989. Wagonjwa wakapungua mno, hata Septemba 1990 malipo ya wagonjwa wa nje yakasimamishwa. Hapo ushahidi ulikuwa umekwisha kuonekana. Lakini malipo yakarudishwa hatua kwa hatua tangu mwaka wa 1992, nayo Tanzania ikaanza ya kwake mwaka wa 1993.

Haki yao tuwape: wako wachumi waliokwenda kuangalia kwa macho yao. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, wakatoa matokeo yake mwaka wa 2010. Katika kliniki nyingine wajawazito walipewa vyandarua bure, katika nyingine waliuziwa kwa bei ndogo. Bei ilipofika shilingi 40 tu, katika kila akina mama 100 waliochukua walipungua kwa 60 hivi. Na waliopewa bure hawakuvitumia chini ya wale walionunua. Basi yale maneno kwamba cha bure hakithaminiwi yakakosa mguu wa kusimamia.

Mwaka wa 2013 mkuu wa Benki ya Dunia, Jim Yong Kim, alitamka Geneva kwamba hata malipo madogo huwazuia maskini kutibiwa, na kwamba jambo hilo si la haki wala si la lazima. Naye ni daktari wa tiba, si mchumi. Hesabuni: ni miaka 26. Aliyekando haangukiwi na mti.

Kwa hiyo mtaalamu akituletea mpango, tumpokee kwa heshima, lakini tumwulize kabla ya kuanza: Tukiona nini, utakubali kwamba umekosea? Na tutapima lini? Asiye na jibu, mpango wake usipite.

Swali hilo hilo tujiulize sisi wenyewe. Katibu wa tawi akileta taarifa kwamba mpango wa chama haufanyi kazi, asiitwe mpinga maendeleo. Asikilizwe, na hesabu zake zikaguliwe. Kufanya kosa si kosa. Kosa ni kurudia kosa, hasa wakati mlipaji ni mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni.