Kabla ya Kumfuata Mume Ng'ambo, Uliza Leseni Yako Itafika Wapi



Mwezi uliopita, baada ya kipindi cha akina mama hapa Mnyuzi, alinifuata binti mmoja ambaye ni daktari katika hospitali moja ya mkoa wetu wa Tanga. Wenzetu walipokwisha kutawanyika akasema, "Shikamoo mama. Naomba tukae kidogo." Tukakaa chini ya mwembe. Mumewe amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu huko Australia, na ameruhusiwa kwenda na mke na mtoto. Barua ya kuacha kazi alikuwa amekwisha kuiandika, ipo mkobani. Alichotaka kwangu ni maombi tu.

Nikamwuliza, "Mwanangu, huko utafanya kazi wapi?"

Akacheka. "Mama, mimi si daktari? Wagonjwa wako kila mahali."

Ni kweli wagonjwa wako kila mahali. Lakini leseni ya kuwatibu haiko kila mahali, na cheti cha ndoa hakiivushi mpaka. Nasema hivyo kwa kuwa nimeyaonja. Mwaka niliohamia huku kumfuata mume wangu niliondoka kituo changu cha zamani kabla barua ya uhamisho haijatoka. Nilikaa nyumbani miezi 7, nikikaanga mandazi ya kuuza, na stashahada yangu ya uuguzi imelala sandukuni. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi na haraka yangu. Nami nilikuwa nimehama mkoa tu, sikuvuka bahari.

Basi tuliombe jambo hili, lakini pia tulielewe.

Daktari au muuguzi anayemfuata mwenzi wake nchi nyingine hukutana na milango mitatu. Wa kwanza ni viza: je, inamruhusu kufanya kazi yoyote? Wa pili ni usajili wa taaluma: je, baraza la nchi ile linamtambua? Wa tatu ndio ambao wengi hatuufikirii kabisa: je, ataruhusiwa kufanya kazi mahali gani? Mtu aweza kupita mlango wa kwanza akakwama wa pili, au akapita yote miwili akakuta wa tatu unafungukia mji ambao mumewe hayupo.

Tuitazame Australia yenyewe. Mke wa mwanafunzi wa shahada za juu huruhusiwa kufanya kazi, ila ruhusa hiyo haimfanyi kuwa daktari wa huko. Njia ya kawaida kwa daktari aliyesoma kwetu ni kufanya mitihani ya Baraza la Madaktari la Australia. Wa kwanza hufanywa kwa kompyuta, maswali 150 kwa saa tatu na nusu. Wa pili ni wa kumpima jinsi anavyomhudumia mgonjwa. Kisha atafute kituo kitakachomwajiri chini ya usimamizi kwa miezi 12 kabla ya kupata usajili kamili. Kiingereza nacho kina mtihani wake.

Baada ya hayo ndipo unapokuja mlango wa tatu. Tangu mwaka 1997 sheria yao humzuia daktari aliyesomea nje asilipwe na bima ya afya ya taifa, iitwayo Medicare, kwa miaka 10, isipokuwa akifanya kazi katika maeneo yaliyotangazwa kuwa na upungufu wa madaktari, au awe amepewa msamaha. Anayekwenda mbali zaidi huweza kupunguziwa miaka. Mwenye mshahara katika hospitali ya serikali habanwi kwa namna hiyo, lakini lazima kwanza nafasi hiyo ipatikane. Vyuo vikubwa viko katika miji kama Sydney, Melbourne na Brisbane. Zahanati yenye nafasi yaweza kuwa mamia ya kilomita ndani ya nchi. Ni kama mume asome Dar es Salaam na mke aambiwe ahudumu Kigoma.

Wala si Australia peke yake. Marekani imekuwa na sharti kwamba daktari mgeni aliyekwenda kujifunza ubingwa kwa viza ya J-1 arudi kwao miaka 2 kabla ya kuomba kuhamia huko. Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa kuwasamehe baadhi yao, mradi wafanye kazi miaka 3 mahali penye uhaba wa madaktari. Hapo anayefungwa kwa mkataba ni mwenye viza, lakini mwenzi wake naye huishi mahali palepale, hata kama naye ni daktari na hospitali ya kumfundisha iko mbali. Katika Falme za Kiarabu, leseni ya Dubai hutolewa na mamlaka ya Dubai, na ya Abu Dhabi na mamlaka ya Abu Dhabi. Mwenye ya kwanza hawezi kuamka asubuhi akaenda kutibu upande wa pili.

Uingereza haimpangii mke wa mfanyakazi mji wa kufanyia kazi. Hata hivyo daktari wetu atatakiwa kufaulu mitihani, na muuguzi vilevile. Ndiyo maana wako dada zetu wenye vyeti vizuri ambao huanza kwa kuwaogesha na kuwalisha wazee. Ni kazi ya heshima, tena ya Kikristo, lakini aliyeiendea pasipo kujua hulia usiku.

Tusiende mbali sana. Daktari wa Korogwe akimfuata mumewe Unguja, bado atahitaji kusajiliwa kule, kwa maana Baraza la Madaktari Tanganyika ni la bara, na Zanzibar wana baraza lao. Nasi pia tunawadai wageni: mke aliyeingia Tanzania kama mtegemezi wa mumewe hawezi kuajiriwa bila kibali cha kazi.

Je, nchi hizo zinatuonea? Binti yule aliuliza hivyo kwa uchungu, na mimi sikuwa na haraka ya kumjibu. Sisi wa Mnyuzi tunajua maana ya kumbeba mgonjwa hadi Korogwe kwa kuwa daktari hapendi kukaa kijijini. Mama wa kijiji cha Australia naye anajifungua, mtoto wake naye anashikwa na degedege. Serikali inayotaka awe na daktari haina kosa. Uchungu uko kwa mwanamke mmoja, mwenye ndoa upande huu na wito upande ule, anapogundua akiwa amekwisha kufika kwamba viwili hivyo vimepangiwa miji tofauti. Ndipo wengine huacha udaktari kimyakimya, na wengine ndoa hupoa.

Kwa hiyo, dada mpendwa, kabla hujaiandika barua ya kuacha kazi, fanya haya:

1. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mwulize mwajiri wako kwa maandishi kama iko likizo bila malipo au utaratibu mwingine unaokufaa, nawe ujibiwe kwa maandishi.

2. Andika kwa baraza la taaluma la nchi uendayo, wewe mwenyewe, wala usitegemee maneno ya wakala. Uliza yale matatu: kazi, usajili, na mahali. Taja mji atakaokaa mumeo. Sheria hizi hubadilika, basi omba jibu la mwaka huu.

3. Kusanya hati mapema: cheti cha chuo na orodha ya alama, uthibitisho wa utarajali, na barua ya baraza letu kwamba huna doa la kitaaluma. Angalia majina! Wengi wetu tulisoma kwa jina la baba na tunasafiri kwa jina la mume. Herufi moja ikitofautiana, faili husimama. Tengeneza hati ya kiapo ungali nyumbani.

4. Usiiache leseni ya nyumbani ife. Lipa ada na uhudhurie mafunzo yanayotakiwa. Ipo siku utarudi.

5. Kaa na mumeo mezani, redio imezimwa. Ada za mitihani atalipa nani? Nani atakaa na mtoto ukisoma? Nafasi ikipatikana mbali, ni nani atakayehama, na kwa muda gani? Swali hilo la mwisho ni gumu, na ndilo lisiloulizwa.

Waume msomao ukurasa huu kwa kuchungulia, nanyi nawasihi. Mke aliyesoma miaka mingi si mzigo wa kupakia pamoja na masanduku. Na mke akipata nafasi ng'ambo, maswali ni hayohayo kwa mume atakayemfuata.

Nawakumbuka Akila na Prisila. Walifukuzwa Rumi kwa amri ya Klaudio wakaenda Korintho, kisha Efeso, na popote walipofika walishona hema pamoja. Hakuna aliyewauliza leseni. Sisi tunaulizwa, lakini mfano wao unasimama: walihama wawili, na kazi ya wawili ikahama nao.

Kuna dada zetu waliomwambia binti yule kwamba mke mwema haulizi, hufuata tu. Sara alimfuata Abrahamu, walisema. Mimi sioni kwamba kuuliza ni kukataa. Hapa kwetu reli ya Tanga inakutana na ile itokayo Ruvu, iliyounganishwa mwaka 1963. Kila mtoto wa hapa anajua kuwa njia hutengenezwa kabla treni halijafika. Likishapita, umechelewa.

Ile barua haikupelekwa. Wameamua mume atangulie, naye abaki kazini mwaka mmoja, afanye ule mtihani wa kwanza, na watafute majibu ya mji kabla ya kukata tiketi yake na ya mtoto. Mwaka ni mrefu kwa ndoa changa. Alilia aliponiambia, nami sikumwambia nyamaza. Tulishikana mikono tukaomba, kisha nikamsindikiza hadi barabarani.

Katika maombi yenu ya mwezi huu, wakumbukeni wanandoa wote waliotenganishwa na kazi na masomo. Na kama kwenu yuko mmoja aliyebaki na mtoto mdogo akimsubiri mwenzake, mpelekeeni hata kikapu cha machungwa.

Bwana awabariki, hadi mwezi ujao.