Vyuo vya Marekani sasa vinalipa, lakini soma viza kwanza

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaozunguka uwanja wa Kenyatta hapa Machakos alfajiri ukiota kwenda kukimbilia chuo cha Marekani, huenda ushaambiwa hivi: "Siku hizi wanariadha wa vyuo wanalipwa huko!" Ni kweli. Ila kwako wewe Mkenya, kuna kizuizi ambacho ajenti wako anaweza kusahau kukutajia.

Zamani NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikataza mwanafunzi kuingiza pesa kwa jina lake. Edward Cheserek alishinda mataji 17 akikimbilia Oregon, kati ya 2013 na 2017. Masomo alilipiwa, lakini dili ya viatu ilibidi isubiri hadi amalize chuo.

Mwaka wa 2019, jimbo la California lilipitisha sheria: chuo kisimwadhibu mwanamichezo anayelipwa kwa matangazo. Majimbo mengine yaliogopa kupokonywa wachezaji, nayo yakatunga sheria zao. Julai 1, 2021, NCAA ikasalimu amri. Kisha Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo, kila chuo hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza.

Sasa, tatizo liko wapi? Sheria ya jimbo haigusi mambo ya uhamiaji. Hayo ni ya serikali kuu. Wewe utaingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo kwa kawaida inakuruhusu kazi za ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ukilipwa kutangaza viatu ukiwa kule, inaweza kuhesabiwa kazi bila kibali, na hapo unahatarisha viza na masomo yenyewe. Mwenzako Mmarekani, uliyemwacha nyuma kwenye mbio, atapiga picha na kulipwa bila wasiwasi.

Wapo waliopata njia. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa vikapu vyuoni 2022 akiwa Kentucky. Timu ilipoenda ziara Bahamas mwezi Agosti, alifanya kazi zake za matangazo huko, nje ya Marekani. Lakini tuseme ukweli: mkimbiaji wa mbio za nyika ni nani atakayempeleka Bahamas? Hata hizo pesa za vyuo, sehemu kubwa inaenda kwa kandanda ya Kimarekani na vikapu.

Basi usiende? La hasha. Doris Lemngole akiwa Alabama alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15 mnamo Juni 2025, na shahada haifutiki mguu ukiumia. Nenda, lakini uliza kabla ya kutia sahihi: ufadhili unalipa karo yote au nusu? Ni wa miaka mingapi? Nikiumia, unaendelea? Na ukiletewa dili yoyote, ipeleke kwanza kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni.

Ajenti akikuahidi mamilioni ya matangazo, muulize swali moja tu: kwa viza gani? Akianza kubabaika, rudi uwanjani, tafuta mwingine.