UKURASA WA INTANETI UMFAAO MSOMAJI

Chukulia mke wa askari aishiye Tororo, aliyenunua magunia matano ya maharage ili akayauze Busia, upande wa Kenya. Kabla ya safari hufungua simu kutafuta taratibu za forodha. Akutanapo na picha nzito zisizofunguka na salamu ndefu za wakubwa, bando humwishia kabla hajapata jibu. Hapo humwamini dalali, au hufuata njia za panya, na mali yake yote huwa hatarini kukamatwa.

Hasara hiyo yaweza kuzuiwa na aliyeutengeneza ukurasa.

Kwanza, haja ya msomaji iwekwe juu kabisa. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili kitolewacho mpakani. Ukaguzi wa mazao ungali palepale. Hayo ndiyo atafutayo mama yule.

Pili, lugha iwe nyepesi. Mpakani hapo husemwa Kisamia, Kiteso na Kijopadhola. Kiingereza cha ofisini pekee hakitoshi. Kiswahili sanifu chepesi kitawafaa wengi.

Tatu, maandishi yawe meusi juu ya weupe, yaenee kioo kidogo cha simu, na picha ziwe chache. Nchini Uganda vifurushi vya intaneti vilianza kutozwa kodi ya asilimia 12 Julai 2021. Picha isiyo na kazi ni fedha ya msomaji ipoteayo.

Nne, kila kiungo kitaje kiendako: "Pata fomu ya cheti", wala si "Bonyeza hapa".

Tano, tarehe ya marekebisho ionekane. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 24, 2018, ili msafiri amalize taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja. Ukurasa uliosahauliwa tangu kabla ya hapo humpotosha.

Mwisho, mtengenezaji na ampe simu mtu asiyeujua ukurasa huo, amtazame kimya akitafuta jibu. Akwamapo ndipo pa kurekebisha. Kijana wa kambini ajifunzaye kazi hii hana haja ya kwenda mbali: na aanze na mama yake.