INJINI NYINGINE KATIKA GARI KUUKUU



Juma hili najibu swali lililotoka Engaresero, kule chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, karibu na ziwa Natron. Jamaa saba wana gari moja la shirika, Toyota Hilux pikapu ya zamani, ya dizeli. Mchana hubeba mahindi, mbuzi na magunia ya sukari. Usiku hubeba wagonjwa na kina mama wenye uchungu. Sasa injini yake imechoka. Yatoa moshi wa buluu, yala oili kila safari, na mlimani haivuti tena. Wameuza ng'ombe, fedha zipo, lakini hawapatani. Wengine wataka injini ya namna ile ile, wengine wasema, "Maadamu twabadili, tutie kubwa." Wauliza: lipi jema?

Ndugu zangu, swali lenu ni jema, lakini ni la pili. La kwanza ni hili: nini kiliiua injini ya kwanza? Mfugaji akifiwa na ng'ombe hamfungi mwingine katika zizi lile lile kabla hajaujua ugonjwa. Na injini ni vivyo hivyo. Huko kwenu wauaji wake wakubwa ni wawili: vumbi na joto.

Kwanza vumbi. Mlima Lengai ulitapika majivu mwaka 1966, ukatapika tena mwaka 2007 na 2008. Vumbi la majivu ya mlima wa moto si laini kama unga. Chembe zake ni kali, zasaga chuma kama msasa. Likiingia katika injini, lala ringi za pistoni na kuta za silinda. Ndipo oili hupanda juu na kuungua, na moshi wa buluu hutoka. Mtasema, "Mbona chujio la hewa lipo?" Naam, lipo, lakini tazameni ule mpira mnene unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Katika magari ya zamani mara nyingi umepasuka, ukafungwa kwa kipande cha tyubu ya gurudumu. Ufungueni, mpitishe kidole ndani. Kikitoka na vumbi, mmemkamata mwizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa bei ya ng'ombe.

Pili joto. Njia ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Sale na Loliondo ni kali. Gari hupanda kwa gia ndogo, polepole, upepo wa mbele ni haba, na jua li juu ya kichwa. Hapo rejeta ndiyo tegemeo la injini. Maji yenye magadi yakitiwa ndani yake siku kwa siku, huacha ukoko kama ule wa birika la chai. Rejeta yenye ukoko haipoozi maji, na injini ikichemka sana silinda hedi hupinda au hupasuka. Basi rejeta isafishwe na fundi, au inunuliwe nyingine. Kisha itiwe maji safi pamoja na dawa yake, na dumu la maji hayo lisikose garini.

Tena mafundi wengine hutoa themostati wakaitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Shauri hilo si jema. Katika injini nyingi, kile kidude ndicho kinachoyaongoza maji yaende kwenye rejeta yanapopata moto. Kikiondolewa, sehemu ya maji hurudi katika injini bila kupoozwa.

Sasa twaweza kulijibu swali lenu. Injini za dizeli za Hilux za zamani ni za ukoo mmoja: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8, na 5L ya lita 3. Kama gari lenu lina 2L, kutia 3L au 5L ni kupanda ngazi moja au mbili katika nyumba ile ile. Mara nyingi hufungwa na gia boksi ile ile, bila kukata chuma, ila fundi apime kwanza. Pampu zake za dizeli, katika zile za zamani, hazitaki kompyuta, na mafundi wengi wamezizoea. Kama mwataka nguvu zaidi, ongezeni humo humo.

Lakini kutia injini ya Land Cruiser, kama ile 1HZ ya silinda sita na lita 4.2, ni habari nyingine. Ni ndefu na nzito. Springi za mbele zitalemewa, klachi, gia boksi, shafti na difu zitapokea nguvu zisizoumbiwa, rejeta haitatosha. Bwana wetu alitoa mfano wa kiraka kipya katika nguo kuukuu, nanyi mwaujua mwisho wake. Tena kumbukeni kwamba gari litakimbia zaidi kwa breki zile zile. Kupanda ni kazi ya injini, lakini kushuka na mama mjamzito nyuma ni kazi ya breki.

Mkienda kununua injini ya mtumba, msilipe kabla hamjaisikia ikinguruma. Mwambieni mwuzaji aiwashe hapo chini kwa betri, ikiwa baridi. Ikitoa moshi wa buluu, iacheni. Fungueni kifuniko cha kutilia oili ikiwa inazunguka: moshi ukitoka kwa nguvu kama wa bomba, ringi zimekwisha. Chomoeni kijiti cha oili: oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Fundi apime kompresheni, na silinda zote nne zikaribiane. Nayo ikiwa bado chini, badilisheni mkanda wa taiming, pampu ya maji, themostati na sili za oili. Vitu hivi ni rahisi kuvifikia injini ikiwa sakafuni. Mkanda ukikatika njiani, valvu zaweza kugonga pistoni, na safari imekwisha.

Msisahau karatasi. Kadi ya gari yaonyesha namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, namba mpya lazima iandikishwe kwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Basi dai hati ya mauzo yenye namba ya injini na jina la mwuzaji. Injini isiyo na hati yaweza kuwa ya wizi, na Amri ya Saba haimwachi huru anayenunua huku akijua. Mwambieni na mwenye bima.

Mwisho, fedha. Msizitoe zote kwa injini. Zigaweni mafungu matatu: mawili yawe ya injini na fundi, la tatu liwe la rejeta, mpira wa hewa, breki na mauntini. Fungu hilo la tatu likikosekana, ngojeni msimu mwingine. Anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama.

Labda mmoja atauliza, mambo ya gereji yahusu nini gazeti la Kanisa? Mwaka 1925 padre mmoja Mjerumani, Otto Fuhrmann, alikufa kwa malaria katika nchi iitwayo leo Namibia, mbali na hospitali, kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani, hakuishia kulia. Mwaka 1927 alianzisha chama cha MIVA, cha kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege. Alijua kwamba mgonjwa haponi kwa sababu gari lipo. Yafaa gari lifike.

Basi ninyi jamaa saba, kabla ya kupanda basi kwenda Arusha kutafuta injini, fungueni boneti nyumbani mchana kweupe, wote saba mkiwapo, mwupitishe ule mpira kidole. Kisha niandikieni mlichokiona. Kama wako wasomaji wengine wenye gari la shirika, nao wafanye hivyo, watuletee habari.

Mungu awalinde njiani. Tuonane juma lijalo.

Karani wenu wa parokia